Nani Kaandika Nini: Kupanga Majina ya Waandishi wa Filamu na Tamthilia

Filamu nyingi zinazopigwa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe humfikia mhariri zikiwa na picha, sauti na muziki, ila hazina karatasi inayosema nani kaandika nini. Usiku wa kutoa faili la mwisho mhariri anauliza, "Mtunzi niandike nani?" na jibu linatolewa na yeyote aliye karibu na simu. Mwenye wazo, aliyeandika sini (onyesho moja moja la filamu) zote, aliyegeuza mazungumzo kuwa Kinyakyusa na aliyelipia kamera wanabanwa wote ndani ya neno moja, "mtunzi", au wanafutwa wote akabaki mmoja mwenye sauti kubwa.

Kosa hilo lina gharama. Jina likishapita kwenye skrini linanakiliwa na kituo cha televisheni, waandaaji wa tamasha na kanzidata za filamu kama IMDb. Mwandishi aliyeachwa hana cha kuonyesha anapoomba kazi nyingine. Fedha nazo hufuata jina: filamu ikiuzwa mara ya pili, anayetafutwa ni aliyeandikwa.

Utaratibu tunaoueleza hapa umejengwa juu ya kanuni za WGA, chama cha waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, ambacho, pamoja na chama kilichokitangulia, ndicho kimekuwa kikiamua majina ya waandishi wa filamu za Hollywood tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kanuni hizo si sheria ya Tanzania, wala hazimfungi mtu wa Soweto ya Mbeya au wa Kihesa. Tunazitumia kwa sababu zimepita kwenye migogoro mingi zikanyooshwa, na kwa sababu kanzidata za kimataifa zinapanga majina kwa mafungu, yaani aina za kazi ya uandishi, yanayofanana na ya WGA.

Karatasi kwanza

Kabla ya kujadili nani aitwe nani, kusanyeni kila kilichoandikwa. Kanuni kuu ni kwamba uandishi unapimwa kwa maandishi. Wazo lililosimuliwa ndani ya daladala kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa, hata likiwa zuri namna gani, halina pa kupimiwa mpaka mtu aliandike. Jambo hili huwauma wenye mawazo. Dawa yake ni nyepesi: mwenye wazo aketi siku hiyohiyo aandike kurasa mbili au tatu. Mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nani au nini kinamzuia, mambo yanageuka wapi, yanaishaje. Aweke tarehe na jina. Karatasi hiyo ndiyo itakayompa fungu la hadithi hata kama skripti itaandikwa na mwingine.

Baada ya hapo kila toleo la skripti liwe na ukurasa wa mbele wenye jina la kazi, jina la aliyeandika toleo hilo, namba ya toleo na tarehe. Hollywood kurasa zinazobadilishwa wakati wa kupiga picha huchapwa kwenye karatasi za rangi, buluu kisha waridi kisha njano na kuendelea, ili kila mtu ajue anashika toleo lipi. Kikundi kinachochapa kwenye steshenari ya Mafiati hakihitaji gharama hiyo. Tarehe juu ya kila ukurasa inatosha. Lisilosameheka ni kuandika juu ya faili la zamani. Toleo jipya ni faili jipya, lenye tarehe ndani ya jina lake.

Tumeni kila toleo kwa barua pepe kwenda anwani mbili tofauti. Barua pepe inahifadhi tarehe na kiambatisho. WhatsApp ni ya kujadiliana. Simu ikiibiwa au ikibadilishwa, mara nyingi mafaili nayo yamekwenda. Aliyechapa tu kilichosomwa na mwenzake si mwandishi, ni mchapaji, na anaweza kushukuriwa mwishoni.

Mafungu ya filamu ndefu

"Hadithi" ni kiini: nani, tukio gani, mwelekeo upi, mwisho upi, pamoja na jinsi wahusika wanavyobadilika njiani. Anayestahili fungu hili ni aliyeandika muhtasari au simulizi ambayo filamu imeifuata.

"Skripti" ni kazi ya sini kwa sini: mahali, saa, vitendo na mazungumzo. Kwa kadirio la kawaida ukurasa mmoja wa skripti uliopangwa vizuri ni dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina kurasa 90 hivi. Mtu mwenye kurasa nne na mwingine mwenye kurasa 90 hawawezi kukaa fungu moja.

"Imeandikwa na" ni maneno yenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Yanatumika pale tu ambapo mtu au watu walewale wanastahili hadithi na skripti vyote viwili, na hakuna kitabu, tamthilia ya jukwaani au kazi nyingine ya kubuni iliyotangulia. Filamu iliyotokana na riwaya haipewi "Imeandikwa na". Inapewa "Skripti", kisha mstari wa pili: "Imetokana na riwaya ya fulani." Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi kwenye kadi za majina, yaani maandishi ya majina kwenye skrini, na ndilo linalomwibia mwandishi wa kitabu.

Tuchukue mfano ulio karibu. Habari za Mtwa Mkwawa zinajulikana: vita vya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kifo chake mwaka 1898, fuvu lake kurudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Matukio hayo hayana mwenyewe. Mwandishi wa Iringa akisoma kumbukumbu, akaenda makumbusho ya Kalenga, akaongea na wazee, kisha akajenga filamu yake mwenyewe, anastahili "Imeandikwa na" kamili. Lakini akichukua riwaya au tamthilia ya mtu kuhusu Mkwawa, akafuata mpangilio wake, mazungumzo yake na wahusika waliobuniwa na yule mwandishi, hapo kuna chanzo. Anahitaji ruhusa ya maandishi, na jina la mwenye kitabu linakaa kwenye kadi. Kwa sheria ya Tanzania hakimiliki inaishi muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo "yule mzee alishafariki" si ruhusa.

Kuna hali ya tatu, ya katikati, inayosahaulika. Mwandishi anachukua sura moja ya kitabu, anamtoa mhusika mdogo, labda mpagazi wa msafara, kisha anajenga hadithi mpya kabisa kumzunguka. Kitabu bado ni chanzo, lakini hadithi si ya kitabu tena. WGA wana fungu la pekee kwa hali hiyo. Kwa Kiswahili linaandikika "Hadithi ya filamu". Kadi itakuwa na mistari mitatu: hadithi ya filamu, skripti, na chanzo.

Simulizi za jadi zinahitaji uangalifu wake. Ngano iliyosimuliwa na bibi wa Rungwe haikutungwa na bibi huyo, wala haikutungwa na kijana aliyeirekodi kwa simu. Andikeni "Imetokana na simulizi ya jadi ya Wanyakyusa", na chini yake "Imesimuliwa na", kwa jina la bibi akiridhia. Kijana anapata hadithi ya filamu kama amejenga kitu kipya juu ya ngano. Kama ameifuata hatua kwa hatua, kazi yake ni skripti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo kwa filamu ya biashara ulizieni kibali mapema, si baada ya kuuza.

Mafungu mengine yanaelezeka haraka. Filamu ya pili inayotumia wahusika wa filamu ya kwanza inaandika "Wahusika wamebuniwa na", hata kama mbunifu huyo hakushika kalamu safari hii. Filamu ya makala, mathalani kuhusu chai ya Mufindi au wanyama wa Ruaha, ambayo maneno yake ni sauti ya msimulizi, inaandika "Masimulizi yameandikwa na". Anayesoma ni msimulizi, anayeandika ni mwandishi, na mara nyingi ni watu wawili. Mwaka 2021 wanachama wa WGA walikubali pia fungu la mwishoni mwa filamu kwa walioandika sehemu ya kazi lakini hawakufikia kiwango cha kutajwa mwanzoni. Sisi tungeliita "Maandishi ya nyongeza", na tunalipendekeza sana kwa vikundi, kwa kuwa linampa mwandishi chipukizi ushahidi wa kazi bila kupunguza haki ya mwenye skripti.

Mazungumzo, lugha na waigizaji

Hapa kanuni za Marekani hazitoshi, kwa sababu filamu zetu zinatengenezwa kwa namna nyingine. Kwenye sinema ya India hadithi, skripti na mazungumzo hutajwa kama kazi tatu tofauti, na Ufaransa nako mwandishi wa mazungumzo anaweza kutajwa peke yake. Nyanda za Juu Kusini tuna sababu nzuri ya kufuata desturi hiyo. Skripti inaweza kuandikwa kwa Kiswahili mjini Mbeya, kisha mazungumzo yakasemwa Kinyakyusa Tukuyu, Kisafwa Mbalizi au Kihehe Kalenga.

Tofautisheni watu watatu. Aliyepewa sini zenye vitendo tu, akaandika maneno ya wahusika kwa lugha yao, anastahili "Mazungumzo". Aliyepewa mazungumzo yaliyokamilika akayageuza kwenda Kihehe anastahili "Tafsiri ya mazungumzo". Aliyeandika maneno yanayopita chini ya picha anastahili "Maandishi ya tafsiri", na jina lake linakaa mwishoni pamoja na mafundi. Wa kwanza ni mwandishi wa filamu. Wa pili na wa tatu ni watafsiri, na kazi yao ni ya heshima bila kuiita jina lisilo lake. Hali kadhalika mtafsiri wa sinema za kigeni kwenye vibanda umiza: hata akiongeza vichekesho vyake mwanzo hadi mwisho, ni msimulizi wa nakala ile, na filamu inabaki na waandishi wake.

Jambo zito zaidi ni waigizaji wanaojitungia maneno. Mwongozaji anawaambia, "Hapa mnagombana kuhusu shamba la viazi, ongeeni tu," na sini nzuri inapatikana. Je, waigizaji ni waandishi? Kwa kanuni ya maandishi, hapana. Kujitungia maneno mbele ya kamera kunahesabiwa kuwa sehemu ya uigizaji. Aliyepanga kwamba ugomvi utokee, kati ya nani na nani, baada ya sini ipi, ndiye mwandishi wa sini hiyo, mradi mpango wake upo kwenye karatasi. Kama filamu nzima imepigwa kwa orodha ya sini 60 zenye mistari miwili miwili na bila mazungumzo, sisi tunashauri mwenye orodha apewe "Hadithi na mpangilio wa sini", pasiwe na kadi ya skripti, na mwishoni paandikwe "Mazungumzo yametungwa papo hapo na waigizaji". Kadi hiyo inasema kweli. Kuandika "Skripti" pale ambapo skripti haipo kunamletea matatizo mwenye jina siku mnunuzi atakapoiomba.

Kupima mchango wa anayekuja baadaye

Mgogoro huanza mtu wa pili anapoirekebisha skripti ya wa kwanza. WGA hupima skripti kwa mambo manne: ujenzi wa hadithi kwenye sini, sini mpya na zilizo tofauti, wahusika na mahusiano yao, na mazungumzo. Kanuni zao zinatoa onyo linalofaa kubandikwa ukutani: imewahi kutokea kila mstari wa mazungumzo ukabadilishwa, kisha wasuluhishi wanaosoma matoleo yote wakaamua skripti kwa ujumla haijabadilika, na imewahi kutokea mabadiliko machache zaidi yakahesabiwa kuwa mchango mkubwa. Hivyo msihesabu mistari. Ulizeni kama mambo yanatokea kwa mpangilio mwingine, kama kuna mtu mpya mwenye uzito, kama uhusiano wa baba na mtoto umegeuka.

Kwa skripti inayotokana na chanzo, mwandishi anahitaji kuwa na zaidi ya theluthi moja ya skripti ya mwisho ili atajwe. Kwa skripti iliyobuniwa kutoka mwanzo, mwandishi wa kwanza analindwa zaidi: anayekuja baadaye anahitaji kufikia nusu. Mantiki yake ni kwamba aliyeanza na karatasi tupu alifanya kazi ngumu kuliko zote. Skripti hutajwa waandishi wawili. Watatu, au timu mbili, ni kwa uamuzi wa wasuluhishi tu. Hadithi nayo haizidi wawili. Kadi yenye majina saba chini ya "Skripti" haimsaidii hata mmoja kati ya hao saba.

Mwongozaji au mtayarishaji akitaka jina lake liingie kwenye uandishi pamoja na mwandishi mwingine, WGA hupeleka suala hilo kwa wasuluhishi moja kwa moja, hata kama hakuna aliyelalamika. Tunaomba kila kikundi kiige jambo hili. Mwenye kamera au mwenye fedha ana nguvu juu ya mwandishi, na mwandishi wa miaka 20 kutoka Makambako hawezi kumwambia hapana mbele ya watu. Kutoa maoni, kukata sini kwa sababu mvua imenyesha, au kuhamisha tukio kutoka sokoni kwenda stendi si kuandika.

Alama ya & na neno "na"

Alama & kati ya majina mawili maana yake waliandika pamoja kama timu. Neno "na" maana yake kila mmoja alifanya kazi kwa wakati wake. "Skripti: A & B na C" inasema A na B walikuwa timu, na C alikuja kabla au baada yao. Timu huhesabiwa kama mwandishi mmoja, kwa hiyo fedha zikigawanywa sawa, A na B wanagawana nusu na C anachukua nusu. Mhariri anayebadilisha & kuwa "na" kwa sababu fonti yake haina alama nzuri amebadilisha mgao wa fedha.

Kwa kuwa kadi zetu huanza na "Imeandikwa na", wekeni maneno hayo mstari wa juu na majina mstari wa chini, ili "na" hiyo isichanganywe na ile ya kati ya majina. Kwa hadithi na skripti tumieni nukta mbili. Ikiwa michango haijalingana, mwenye mchango mkubwa anatangulia. Ikilingana, anatangulia aliyeanza kuandika. Umri, cheo na umaarufu havimo.

Tamthilia za televisheni

Tamthilia ina ngazi mbili, na kuzichanganya ndilo chimbuko la makosa mengi. Ngazi ya kwanza ni tamthilia nzima. "Imebuniwa na" ni ya aliyeandika msingi: ulimwengu wa hadithi, wahusika wakuu na mahusiano yao, na kwa kawaida hadithi ya sehemu ya kwanza. Jina hili linapita kwenye kila sehemu, hata ya 52, hata kama mbunifu ameshaondoka. Kama msingi ulitoka kwenye riwaya au kwenye tamthilia ya nje na mtu mwingine akaujenga upya kwa ajili ya televisheni, huyo anaandikwa "Imeendelezwa kwa televisheni na", na chanzo kinatajwa kando.

Ngazi ya pili ni sehemu moja moja. Kila sehemu ina hadithi yake na skripti yake. Mtu mmoja akifanya vyote, "Imeandikwa na". Wakigawana, zinakaa kadi mbili. Tuseme kuna tamthilia ya sehemu 13 kuhusu madereva wa malori wa njia ya Tunduma. A aliandika msingi. Kwenye sehemu ya 4, B aliandika muhtasari wa dereva anayekwama mpakani, kisha C na D wakaandika skripti pamoja. Kadi zinakuwa hivi:

Imebuniwa na
A

Hadithi: B
Skripti: C & D

A hakai kwenye skripti ya sehemu ya 4 kwa sababu tu wahusika ni wake; heshima yake imeshalipwa na kadi ya juu. Kwenye malipo ya marudio ya WGA, skripti huchukua asilimia 75 na hadithi asilimia 25. Vikundi visivyo na makubaliano yoyote vinaweza kuanzia hapo.

Kisha kuna vyeo vya chumba cha waandishi, yaani kundi linaloandika tamthilia pamoja. Marekani mwandishi anaanza kama mwandishi wa kuajiriwa wa chumba, anapanda kuwa mhariri wa hadithi, halafu anapewa vyeo vyenye neno "mtayarishaji" ingawa kazi yake bado ni kuandika. Vyeo hivyo vinaeleza ajira na havisemi nani kaandika sehemu fulani. Mtu anaweza kukaa chumbani msimu mzima, akachangia kila siku, asiwe na sehemu hata moja kwa jina lake. Kwa tamthilia ya Mbeya yenye waandishi wanne, andikeni "Waandishi wa chumba" mwishoni mwa kila sehemu na muwataje wote, huku kadi ya mwanzo ikibaki kwa wenye sehemu.

Mtunza mwendelezo, yule wa kontinyuiti anayeangalia kwamba shati lililolowa sini ya 12 bado limelowa sini ya 13, hashiki skripti kama mwandishi. Ni fundi, jina lake liende kwa mafundi.

Kosa la kawaida kuliko yote kwenye tamthilia ni mhariri kunakili kadi za sehemu ya kwanza na kuzibandika kwenye sehemu zote. Kulizuia mapema si kazi ngumu: tengenezeni jedwali lenye safu za namba ya sehemu, jina lake, hadithi, skripti, chanzo, tarehe ya toleo lililopigwa, na saini. Mhariri asifunge sehemu kabla mstari wake haujatiwa saini.

Mkishindwa kukubaliana

Mtayarishaji aanze kwa kuwatumia wote walioandika pendekezo la majina pamoja na skripti ya mwisho, na kuwapa siku za kupinga. Kwa vikundi vyetu siku saba zinatosha. Akipatikana anayepinga, teueni wasomaji watatu wasio na maslahi, kwa mfano mwalimu wa fasihi, mwandishi wa mji mwingine na mtu wa redio anayejua kusoma skripti. Ondoeni majina kwenye matoleo yote na muandike Mwandishi A, B, C kwa mpangilio wa nani aliandika kwanza. Ndivyo WGA wanavyofanya, na majina ya wasomaji nayo hubaki siri. Kila msomaji asome matoleo yote kwa tarehe, asome maelezo mafupi ya kila mwandishi, kisha aandike uamuzi wake bila kuwasiliana na wenzake. Wawili kwa mmoja, imeisha.

Kinachoharibu usuluhishi ni toleo moja kupotea. Toleo la 2 lisipoonekana, kila kipya kilicho kwenye la 3 anapewa mwandishi wa la 3, hata kama alikikuta.

Kutoka karatasi hadi skrini na mtandaoni

Kadi ya waandishi ikae karibu na mwisho wa majina ya mwanzo, kabla ya mtayarishaji na mwongozaji, kwa ukubwa uleule wa herufi zao. Ibaki muda wa kutosha kusomwa mara mbili kwa sauti. Kwa majina mawili ni kama sekunde nne. Kila mwandishi aandike mwenyewe jina lake anavyotaka lionekane, kisha lisibadilike tena: skripti inayopelekwa Bodi ya Filamu kuombea kibali, fomu za COSOTA (ofisi ya hakimiliki), kadi ya skrini na bango viwe na herufi zilezile. Hakimiliki inakuwepo tangu kazi inapoandikwa, lakini usajili unakupa ushahidi, na ushahidi wenye jina tofauti na la kwenye skrini unaanza kwa kujieleza.

Kwenye kanzidata kama IMDb andikeni kilichoonekana kwenye skrini, si mnachotamani kingeonekana. Mbunifu anaingizwa kwenye ukurasa wa tamthilia. Wenye hadithi na skripti wanaingizwa kwenye ukurasa wa sehemu yao. Mkiwaweka waandishi wote juu, kwenye tamthilia, kila mmoja ataonekana kaandika sehemu zote 13. Kama skrini ilitumia jina la kisanii, jina hilo linaongezwa kama maelezo kwenye ukurasa uleule wa mtu. Msimfungulie ukurasa wa pili, kwa sababu kazi zake zitagawanyika na kuziunganisha huchukua muda. Aliyeandika bila kutajwa kwenye skrini anaweza kuingizwa kwa alama ya kwamba hakutajwa. Hapo ndipo matoleo yenye tarehe yanapohitajika.

YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video huku kiungo kikibaki kilekile. Kwa hiyo kadi yenye kosa ikishapanda na watazamaji wameshakuwa wengi, andikeni majina sahihi kwenye mistari ya kwanza ya maelezo ya video, rekebisheni kadi kwenye faili mama, na nakala zote za televisheni na tamasha zitoke kwenye faili hilo jipya. Faili la zamani lifuteni kabisa kwenye diski ya mhariri, maana ndilo litakalotumwa kwa bahati mbaya.